Karantini: Somo la Kale kwa Tangi la Samaki

Wasomaji, mwezi jana nilipoteza samaki wanne wa maji ya chumvi. Nilileta mmoja mpya, mzima kwa macho, nikamtia tangini pamoja na wenzake. Siku chache baadaye, wote walikuwa na vidoa vyeupe kama punje za chumvi.

Sisi watu wa programu tunajua: faili ya mashaka huwekwa karantini. Neno lenyewe linatokana na siku 40 ambazo meli zilisubirishwa Venice kwa hofu ya tauni. Huku kwetu, Zanzibar ilikuwa na kituo cha karantini kisiwani Changuu, jina la samaki!

Kimelea changu kilielezwa Japani na Sikama miaka ya 1930. Mwaka 1951 Brown akakiita Cryptocaryon irritans. Kikiwa chini ya ngozi, dawa haikifikii. Hudondoka, hujifungia kifukoni na kugawanyika humo, kisha hutoa watoto waogeleao. Hao ndio shaba huwaua. Ndiyo maana dozi moja haitoshi. Njia isiyo na dawa ni kumhamishia samaki tangi safi na kavu kila siku 3, mara nne, kabla vifuko havijapasuka.

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa 1968. Nje yake, wapiga mbizi wa Kilifi hukamata samaki wa mapambo. Kila anayekufa tangini, mwingine hutolewa mwambani. Wanne wangu wamenifunza: mgeni asubiri kwanza.

Je, nawe yamekukuta?