Tippu Tip na ukoo wa kujitungia

Katika The Great Gatsby, riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald (1925), kijana maskini James Gatz anajiita Jay Gatsby na kujitungia familia ya matajiri. Huku kwetu mashariki mwa Kongo, miaka kama 50 mbele ya kitabu kile, kuna mtu alijitungia ukoo, na ukoo ule ukampa utawala.

Jina lake la kuzaliwa ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mtu wa Zanzibar, mfanyabiashara wa pembe za tembo na watumwa. Tippu Tip ni jina la safarini. Mwenyewe alisema ni mlio wa bunduki zake. Wengine wanasema ni juu ya macho yake, yalikuwa yanapepesa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alikaribia Utetera, inchi ya mzee Kasongo Rushie. Alikuwa amesikia kwamba zamani dada za mfalme huyo walitekwa vitani na kupelekwa mbali. Basi akashika historia ile, yenye machungu ya watu wengine, akajiingiza ndani. Alisema mmoja wa wale dada alinunuliwa na nkambo yake, na yeye ni mjukuu amerudi nyumbani. Mzee akamwachia kiti, na pembe nyingi pamoja nacho. Aliamini kweli? Mgeni akifika na bunduki nyingi namna ile, nani atamuomba mashahidi?

Hapa Masisi na Walikale tunajua uzito wa swali “wewe ni mtoto wa nani?” Jibu linaweza kuamua shamba, hata kiti cha mwami.

Gatsby aliificha siri yake. Tippu Tip aliisimulia bila haya, kwa Kiswahili, katika habari za maisha yake, ambazo Mjerumani Heinrich Brode alizitoa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ndiyo maana tunajua. Lakini tunajua upande mmoja tu: Kasongo Rushie hakuandika kitu, na maneno yake kitabuni yamepita kwanza mdomoni mwa huyo “mjukuu”.

Mwaka 1887 mfalme Leopold II alimfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Alikufa Zanzibar mwaka 1905.