Safu ya Lugha: Aibu si hatia

Wanaoandika kuhusu filamu za kutisha wamezoea kutumia "aibu" na "hatia" kama neno moja. Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini kila moja lina kazi yake. Hatia asili yake ni kosa, na humkalia aliyelitenda. Ndiyo maana mahakama humtia mtu hatiani kwa alichofanya. Aibu asili yake ni ila au dosari, na humpata mtu mbele ya macho ya watu, hata kama hakukosa lolote.

Tazama Carrie, filamu ya Brian De Palma ya mwaka 1976, iliyotokana na riwaya ya Stephen King. Binti anapata hedhi ya kwanza bafuni shuleni bila kujua ni nini, na wenzake wanamzomea. Nyumbani, mama yake aliyekolea dini anaihusisha damu ile na dhambi, kisha anamfungia katika chumba kidogo ili asali. Hatia hana, amebebeshwa aibu na kulazimishwa kuitubia. Anapomwagiwa damu ya nguruwe ukumbini, hiyo ni fedheha, yaani aibu iliyoanikwa hadharani. Hatia yake inaanza pale anapoua.

Haya nayo isichanganywe humo. Haya ni staha, sifa njema. Tunayemlaumu ni asiye nayo. Anayeandika kwamba binti huyu tangu mwanzo "aliteswa na hatia" anamhukumu asiye na kosa. Aandike aibu, na hatia awaachie waliomtesa.