Hesabu za Angani na Kituo cha Tunguu

Neno kompyuta, kabla halijawa jina la mashine, lilikuwa jina la kazi ya mtu. Katika maabara ya Langley, jimboni Virginia, Marekani, walioitwa hivyo walikuwa wanawake waliokaa mezani na karatasi, penseli na mashine ndogo za kujumlishia, wakikokotoa mienendo ya ndege. Walikuwamo wanawake weusi, waliotengewa ofisi yao hadi mwaka 1958, shirika la NASA lilipoanzishwa na utengano huo ukafutwa. Katherine Johnson, mwalimu wa zamani, aliajiriwa humo mwaka 1953.

Mashine hazikukawia kuichukua kazi hiyo. Chombo Friendship 7, alichokipanda John Glenn tarehe 20 Februari 1962 kuizunguka dunia, hakikuwa na kompyuta ndani yake. Hesabu yake ilifanywa ardhini, katika kituo cha Goddard jimboni Maryland, kwa mashine mbili za IBM 7090. Vituo vilivyotawanywa duniani, pamoja na meli baharini, vilipeleka habari kwa nyaya na redio. Mashine zikapokea vipimo vya rada, zikakadiria chombo kilipo, kitakapokuwa, na mahali kitakapoanguka iwapo safari itakatizwa. Kisha zikavijulisha vituo vilivyo mbele: kitatokea upande gani, na saa ngapi.

Lakini mashine hizo zilikuwa ngeni, na zilizoea kukwama. Glenn, ambaye uhai wake ungetegemea tarakimu hizo, alitaka Johnson azihakiki. Bibi huyo akakaa siku moja na nusu na mashine yake ya mezani, akapitia milinganyo ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Majibu yalipolingana, safari ikaridhiwa. Kompyuta mpya ilikuwa imethibitishwa na ile ya kale.

Mnyororo huo wa vituo ulipita Kano, nchini Nigeria, ukafika Tunguu, kisiwani Unguja. Kituo cha Zanzibar hakikuwa na rada. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na mwanaanga na kupokea ishara za chombo na za mwili wake. Kwa hiyo kilihitaji kuambiwa na Goddard wakati wa kutega sikio. Glenn alipopita juu ya pwani hii, madaktari wa kituoni walifuatilia mapigo ya moyo wake. Mabaharia wa bahari hii walikuwa wamezisoma nyota kwa karne nyingi ili wajue chombo chao kilipo. Siku hiyo, kutoka kisiwani, chombo kilisikilizwa kikipita baina ya nyota hizo.

Glenn alizunguka mara tatu, kwa muda wa saa 4 na dakika 55. Kabla ya kurudi, kifaa kimoja kilidai kwamba ngao ya kumkinga na moto imelegea. Waliokuwa ardhini walihangaika juu ya uamuzi wa kuchukua. Ishara ile ilikuwa ya uongo, na Glenn alitua salama. Mashine ilitoa habari. Kuipima habari hiyo kulibaki kazi ya watu.

Na wenyeji wa kisiwa je? Ruhusa ya kujenga kituo ilitolewa mwaka 1960 kwa mapatano baina ya Marekani na Uingereza, kwa kuwa Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza. Wapo waliokipinga, wakihofu kuwa ni kituo cha makombora kitakachokifanya kisiwa shabaha katika ugomvi wa wakubwa. Makombora hayakuwapo, lakini mtu asiyeulizwa kuhusu ardhi yake hana sababu ya kuamini maelezo anayopewa baadaye. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaka kituo kiondolewe, nacho kikafungwa mwaka huo huo.

Johnson alitunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais wa Marekani mwaka 2015, akafariki mwaka 2020 akiwa na miaka 101. Kwa miongo mingi jina lake halikujulikana sana nje ya watu wa fani yake. Tunguu nayo hutajwa zaidi katika habari za siasa za mwaka 1964, ilhali inastahili pia ukurasa katika historia ya hesabu: palikuwa mahali ambapo makadirio ya mashine yalingojwa yathibitike, na sauti ya mtu ikasikika kwa wakati uliotabiriwa.