Karata: sheria inasemwa mbele ya kugawa

BUNIA – Siku ya Yenga kisha sala, katika kartie Lumumba, si ajabu kukuta watu wanne wamezunguka meza ndogo, karata mkononi, na wengine wamesimama nyuma yao wakiangalia. Ghafla sauti zinapanda. Huyu anasema karata ikishagusa meza imechezwa. Yule anasema anaweza kuirudisha. Kama wanacheza bure, watacheka. Kama kuna makuta katikati ya meza, mambo yanageuka.

Ugomvi huo si wa Bunia peke yake, wala si wa leo. Tangu zamani karata zimekutanisha watu wasiojuana, na kila mahali zilipofika ilibidi kwanza wakubaliane.

Karata ziliingia Ulaya katika karne ya 14 zikitokea ulimwengu wa Waarabu. Mwaka 1377 mji wa Florence, Italia, ulikwisha kutoa amri juu ya mchezo huo mpya. Karata za Wamamluki wa Misri, ambazo zimehifadhiwa Istanbul, zina alama nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Wareno wakaziita copas, ouros, espadas na paus. Walipofika pwani ya Mombasa mwaka 1498, na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, walikaa muda wa kutosha kuacha maneno: kopa, uru, shupaza, pau, turufu, na hata jina lenyewe, karata. Watu wa pwani humwita mfalme wa karata “mzungu wa nne”. Katika michezo ya Kireno kama bisca, mfalme huhesabiwa pointi 4.

Kiswahili kilipanda mpaka Ituri katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Waungwana kutoka Manyema. Mwaka 1887 Stanley alikuta kambi zao ndani ya msitu, kando ya mto Ituri. Baadaye Wabelgiji walileta Kifaransa chao, na mji wao wa Turnhout ulikuwa ukichapa karata za kuuzwa duniani kote. Ndiyo sababu mtu wa Bunia anaweza kusema “karata”, neno la Mreno, kisha akataja pique, cœur, carreau na trèfle, maneno ya Mfaransa.

Kifaransa kiligusa Marekani pia. Mchezo wa poka ulikua New Orleans na ndani ya mashua za mto Mississippi mwanzoni mwa karne ya 19. Wengi wanaona jina lake limetoka katika mchezo wa Kifaransa, poque. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, ikaenea aina inayoitwa stud. Kila mchezaji anapewa karata moja ya kufunikwa, halafu nne za wazi, moja moja, na kila mara watu wanaweka dau.

Wasafiri wale hawakuwa na mzee wa kartie wa kuwaamua. Adabu ya meza ilibidi ifanye kazi hiyo. Kila mtu anasema kwa zamu yake, maana anayetangulia anawapa wengine habari. Aliyetupa karata zake hasemi zilikuwa zipi mpaka mchezo uishe. Anayesimama nyuma hatoi shauri. Mwishoni, karata zilizofunuliwa ndizo zinaamua, si maneno ya mdomo.

Lakini iliyo kubwa kuliko zote ni hii: mtu anacheza feza iliyokuwa mezani wakati karata zinagawiwa, basi. Haruhusiwi kutoa nyingine mfukoni katikati ya mchezo, wala kuirudisha kidogo kidogo mfukoni. Kama dau limempita, hafukuzwi: anashindania sehemu anayoweza kulipa, na inayobaki wanashindania wenzake.

Sheria hiyo inamlinda anayeshindwa. Tajiri hawezi kumtoa maskini kwa dau kubwa tu. Na mwenye hasira hawezi kuweka simu, pikipiki, wala makuta ya minerval ya mtoto, akitumaini karata inayofuata itamrudishia yote. Deni la karata mara nyingi linaanza hapo, na wanaolilipa ni watu wa nyumbani ambao hawakuwa mezani.

Pale Lumumba, swali la karata iliyogusa meza lilihitaji dakika moja tu mbele ya kugawa. Swali la makuta pia: kila mmoja anaweka nini leo, na yakiisha, anasimama na kwenda nyumbani.