Saa ya Kurithisha na Amri Iliyokaidiwa Le Locle

Anayeingia duka la saa akiwa na akiba ya miaka mingi, akitafuta saa moja ya kamani ya kuvaa maisha yake yote na hatimaye kumwachia mwanawe, huonyeshwa kwanza jina, kisha dhahabu, kisha kioo kisichokwaruzika. Ni nadra kuambiwa habari za mashine zinazochonga vipuri vyake, ilhali hizo ndizo zitakazoamua kama saa hiyo itakuwa inatembea mwaka 2060. Saa ya kamani hudumu kwa kutengenezwa tena na tena, na haitengenezeki pasipo fundi na kipuri. Katika miaka ya 1970 Waswisi nusura wapoteze vyote viwili. Sehemu ya kilichookolewa iliokolewa na wafanyakazi waliokataa kutii amri.

Ufundi wenyewe ulikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1541, chini ya uongozi wa John Calvin, mapambo yalipigwa marufuku mjini Geneva. Masonara walipokosa wanunuzi wa pete na mikufu wakageukia saa, na wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa wakaja na ujuzi wao. Kufikia 1601 mafundi saa wa Geneva walikuwa na chama chao. Baadaye kazi ikapanda milima ya Jura, kwenye mabonde kama Vallée de Joux, ambako theluji iliwafungia wakulima ndani kwa miezi. Nyumba moja ilichonga magurudumu, nyingine skrubu, nyingine ikaunganisha. Vacheron Constantin huhesabu umri wake tangu 1755, Longines tangu 1832, Patek Philippe tangu 1839, Omega tangu 1848.

Fungua mgongo wa saa ya namna hiyo, uitazame kwa lenzi ya fundi. Ndani ya kikebe chenye meno pembeni imekunjwa kamani, utepe wa chuma mwembamba kama karatasi. Ukiitia saa ufunguo, kamani hukazika. Inapojikunjua husukuma magurudumu yanayopeleka mishale. Nguvu hiyo ingeisha mara moja kama kusingekuwa na cha kuizuia. Kizuizi ni kigurudumu kinachoyumba huku na huku, kikirudishwa kila mara na unyuzi wa chuma uliojiviringa, ambao Mholanzi Christiaan Huygens aliutangaza mwaka 1675. Kila kinapoyumba, magurudumu husogea hatua moja tu, na mlio wa hatua hiyo ndio tunaousikia tukiiweka saa sikioni.

Ncha za ekseli ya kigurudumu hicho hazizidi sana unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Huzunguka ndani ya vijiwe vya yakuti vilivyotobolewa, ufundi ambao Mswisi Nicolas Fatio de Duillier na wenzake waliupatia hataza London mwaka 1704. Siku hizi yakuti hizo hutengenezwa kiwandani kwa njia iliyotangazwa na mkemia Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na bei yake ni ndogo. Kwa hiyo muuzaji akikuhesabia vito vya ndani kama sababu ya bei kubwa, msikilize kwa hadhari. Muhimu zaidi ni tone la mafuta lililo kati ya chuma na jiwe. Saa nyingi za leo hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara 691,200 kwa siku. Mafuta yakikauka, chuma huanza kusagika, na saa inaweza kuendelea kutembea miaka huku ikijila yenyewe bila mwenyewe kujua.

Tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ilianza kuuza saa ya Astron mjini Tokyo. Ilikuwa saa ya kwanza ya mkono sokoni iliyoendeshwa na betri na kipande cha jiwe la kwatsi kinachotetema kwa umeme. Bei yake ilikuwa yen 450,000, fedha za kununulia gari dogo wakati ule. Lakini bei hiyo iliporomoka upesi. Muda si mrefu saa ya kwatsi ya bei ya chini ikawa haipotezi hata nusu dakika kwa mwezi, wakati saa ya kamani iliyopimwa na kupewa cheti cha Uswisi bado inaruhusiwa kukosea sekunde chache kila siku. Kwa usahihi, saa ya kamani ilikuwa imeshindwa kabisa. Uswisi ilikuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki takriban 30,000.

Le Locle ni mji mdogo wa milimani karibu na mpaka wa Ufaransa. Hapo Georges Favre-Jacot alianzisha kiwanda cha Zenith mwaka 1865, na hapo tarehe 10 Januari 1969, miezi kumi na moja tu kabla ya Astron, Zenith ilitangaza mtambo wa El Primero: saa ya otomatiki, inayojijaza kwa mwendo wa mkono, yenye pia kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha kwa vitufe. Ilipiga mara 36,000 kwa saa, kwa hiyo iliweza kupima sehemu ya kumi ya sekunde. Ilikuwa kazi ya miaka mingi ya hesabu na majaribio. Mwaka 1971 kiwanda kikanunuliwa na Zenith Radio Corporation ya Chicago, kampuni ya redio na televisheni iliyofanana nacho kwa jina tu. Mwaka 1975 wakubwa wa kampuni wakaamua: saa za kamani basi, mustakabali ni kwatsi, mashine na vifaa viuzwe kama chuma chakavu.

Charles Vermot alikuwa msimamizi wa karakana humo. Aliwaandikia wakubwa akiwasihi wabakize angalau sehemu ndogo ya kazi ile, wasimsikilize. Basi akaanza kuhamisha. Jioni baada ya jioni, akisaidiwa na ndugu yake Maurice, alipandisha darini vifaa vya kukatia na kubonyezea vipuri, vipatavyo 150, vingine vizito mno, pamoja na kamu na michoro. Kila kitu alikibandika jina na kukiandika kwenye faili: hiki ni cha nini, kinafanya kazi hatua ipi, baada ya kipi. Nadhani faili hilo ndilo lililo bora kuliko yote aliyoyafanya. Chuma kikifichwa bila maelezo, miaka kumi baadaye ni chuma tu. Mtu yule alijua kwamba huenda wa kukitoa asingekuwa yeye, akamwandalia fundi ambaye hajamwona.

Zenith ilirudi mikononi mwa Waswisi mwaka 1978. Mwaka 1984, wateja walipoanza kuulizia tena saa za kamani, Vermot aliwaonyesha palipofichwa vifaa, na El Primero ikaanza kutengenezwa upya bila gharama kubwa ya kuunda kila kitu toka mwanzo. Mwaka 1988 Rolex, kampuni isiyokosa fedha wala wahandisi, iliuchukua mtambo huo, ikaupunguza kasi hadi mapigo 28,800 na kuutia ndani ya Daytona yake, ikautumia hadi mwaka 2000. Wanaoitafuta Daytona ya miaka hiyo kwa bei za kutisha wanavaa mkononi kitu ambacho kwa amri ya 1975 kingekuwa kimeyeyushwa.

Mambo kama hayo yalitokea hata Vallée de Joux, ambako mtambo wa Valjoux 7750, uliosanifiwa na Edmond Capt, ulisimamishwa mwaka huohuo wa 1975. Vifaa vyake navyo viliagizwa kuharibiwa, havikuharibiwa. Uliporudi miaka ya 1980 ulisambaa kwenye saa za makampuni mengi mno, na leo si kazi ngumu kupata fundi anayeufahamu.

Msaada mwingine ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1983 ilizinduliwa Swatch, saa ya plastiki na betri yenye sehemu 51 tu, isiyokusudiwa kutengenezwa ikiharibika. Ilinunuliwa kwa mamilioni, na kundi la makampuni lililokuja kuongozwa na Nicolas Hayek likapata nguvu ya kuzishikilia Omega, Longines na Tissot. Mwaka uliotangulia, Jean-Claude Biver na Jacques Piguet walikuwa wamelinunua jina la Blancpain, lililokuwa limelala, kwa takriban faranga 22,000, wakatangaza kwamba humo haitaingia saa ya kwatsi. Waliliuza mwaka 1992 kwa mamilioni. Walikuwa wamegundua kwamba mtu aliyekwisha kuwa na saa sahihi ya bei ndogo anaweza bado kutamani nyingine, iliyotengenezwa kwa mikono na inayotengenezeka kwa mikono.

Hoja hiyo ina ukweli wa kiufundi. Saketi ya saa ya kwatsi ya mwaka 1978 ikiungua na kiwanda kikawa hakiitengenezi tena, hakuna fundi atakayeichonga. Gurudumu la mwaka 1890 likivunjika jino, fundi mwenye mashine ndogo ya kukereza anaweza kulitengeneza jingine. Patek Philippe inasema wazi kwamba inahudumia saa yake yoyote ya tangu 1839, na ahadi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kile mnunuzi anacholipia. Makampuni mengine hayatoi ahadi kama hiyo. Baadhi ya makubwa hayauzi vipuri ila kwa karakana yalizoziidhinisha, na hapo fundi hodari wa Kariakoo au wa River Road, mwenye macho na mikono ya kuiweza kazi, anakwama kwa kukosa kipuri cha saizi ya punje ya mtama. Kwa maoni yangu huo ni udhalimu kwa fundi na kwa mwenye saa.

Kwa hiyo anayenunua saa yake ya kwanza ya kudumu aanzie hapo. Aulize ndani mna mtambo gani na nani mwingine anautumia. Mtambo wa kawaida uliotengenezwa kwa mamia ya maelfu una nafasi nzuri zaidi ya kupatiwa vipuri miaka 40 ijayo kuliko mtambo wa ajabu wa kampuni changa, hata kama huo wa ajabu unapendeza zaidi chini ya kioo. Aulize usafishaji kamili, wa kuifungua yote na kuitia mafuta mapya, ni kila baada ya miaka mingapi. Wengi watamwambia mitano hadi kumi. Aulize gharama yake leo, azidishe kwa mara atakazouhitaji maishani mwake, aijumlishe kwenye bei. Mwisho aulize ni karakana ipi itakayoifungua: ya hapa mjini, ya Nairobi, ya Dubai, au itabidi isafirishwe hadi Uswisi na kukaa huko miezi. Muuzaji akishindwa kujibu hilo la mwisho, mshukuru, nenda duka la pili.