Asilimia Kumi ya Halmashauri: Historia ya Mikopo ya Vikundi Tanzania

Kila halmashauri ya Tanzania Bara inawajibika kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba. Wanawake wametengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Fedha hizo, ambazo mitaani huitwa kwa kifupi "asilimia kumi", ndizo zilizo karibu zaidi na mwananchi kuliko fedha nyingine yoyote ya umma, kwa sababu zimetoka kwake: ni ushuru wa mazao, kodi ya kibanda cha soko, ada ya leseni na ada ya kituo cha mabasi. Hata hivyo, haikuwa rahisi kwa fedha hizo kumrudia. Njia yake ilianza kuchongwa tangu enzi za ukoloni, na maswali matatu yameisindikiza hadi leo: fedha itoke wapi, nani aamue inakokwenda, na nani ahakikishe inarejeshwa.

Hazina za machifu na nguvu za wananchi

Serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, na machifu wa Tanganyika wakapewa hazina zao. Hazina hizo zilipata mgawo kutokana na kodi iliyotozwa kwa wananchi, na matumizi yake yalikuwa mishahara ya machifu na makarani wao, mabaraza ya hukumu, na huduma chache kama zahanati na njia za vijijini. Kikundi cha wananchi wa kawaida hakikuwa na mlango wa kuingilia. Mwaka 1953 ilikuja sheria iliyoruhusu kuundwa kwa halmashauri, na mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, mamlaka ya machifu yakafutwa.

Miaka ya mwanzo ya Uhuru ilikuwa miaka ya kujitolea. Wananchi walichimba misingi ya shule, walifyatua matofali ya zahanati na kulima barabara kwa majembe ya mkono, na Serikali ikachangia pale ambapo nguvu zao ziliishia: bati, saruji, bomba la maji. Mwaka 1967 Serikali ilianzisha mfuko wa maendeleo wa mikoa kwa ajili ya miradi midogo ya aina hiyo. Hii ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza kiasi cha fedha ya umma kiliwekwa karibu na kijiji bila kusubiri kila jambo liamuliwe Dar es Salaam. Lakini fedha ilitoka Serikali Kuu na maamuzi yalifanywa na kamati za mkoa. Halmashauri zenyewe zilikuwa zikidhoofika, hasa baada ya kodi zao kuu kufutwa mwishoni mwa miaka ya 1960.

Mwaka 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, za miji zikafuata, na kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Huduma za mijini zilizorota kiasi kwamba halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978. Za wilaya zilisubiri sheria za mwaka 1982 na zikaanza kazi upya mwaka 1984. Miongoni mwa sheria hizo ilikuwamo Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya 1982, iliyozipa halmashauri vyanzo vyake vya mapato. Kifungu cha asilimia kumi kilikuja kuingizwa katika sheria hiyo hiyo miaka 36 baadaye.

Mifuko miwili ya mwaka 1993

Miaka ya 1980 iliwaacha Watanzania wengi bila ajira rasmi, na mwanamke wa mjini na wa kijijini ndiye aliyebeba familia kwa biashara ndogo: maandazi, mboga, samaki wa kukaanga, ushonaji. Benki haikumtambua kwa sababu hakuwa na hati ya nyumba wala ya shamba ya kuweka dhamana. Mwaka 1990 iliundwa wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii, wanawake na watoto, na mwaka 1993 ukaanzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake. Katika kipindi hicho hicho ulianzishwa pia Mfuko wa Maendeleo ya Vijana.

Mpangilio wa mifuko hiyo ulikuwa mpya. Serikali Kuu ilitoa fedha ya kuanzia, na halmashauri zikatakiwa kuchangia asilimia 5 ya mapato ya ndani kwa wanawake na asilimia 5 kwa vijana. Mikopo ilitolewa kwa vikundi, wanachama wakidhaminiana wao kwa wao, na ilirejeshwa kwa riba. Hapo ndipo ilipozaliwa asilimia kumi.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja na mkubwa: mchango huo uliagizwa na miongozo, haukulazimishwa na sheria. Mkurugenzi wa halmashauri aliyepungukiwa fedha za posho za vikao au mafuta ya magari aliweza kuuacha mchango wa wanawake na vijana hadi mwaka ujao, na mwaka ujao ukawa kama uliopita. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilirudia hoja hiyo mwaka baada ya mwaka: halmashauri haijachangia, au imechangia pungufu. Hali ilizidi kuwa ngumu mwaka 2003 Serikali ilipofuta kodi ya maendeleo pamoja na kodi nyingine zilizoitwa kero. Wananchi walipata nafuu ya kweli, lakini halmashauri nyingi za vijijini zilipoteza chanzo kikubwa cha mapato, na asilimia ya kitu kilichopungua ikapungua nayo.

Milango mingine

Wakati mifuko hiyo ikisuasua, njia nyingine zilifunguka. Mwaka 2000 ulianza Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Kijiji kiliibua mradi wake, kikachagua kamati yake na kusimamia ujenzi wake. Awamu ya pili ilianza mwaka 2005, na ile ya tatu ikageukia zaidi kuzisaidia kaya maskini moja kwa moja. Mwaka 2009 Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao hutoa fedha kwa miradi inayoibuliwa na wananchi katika kila jimbo la uchaguzi.

Mlango wa tatu waliufungua wananchi wenyewe. Mbinu ya vikundi vya kuweka na kukopa ambayo shirika la CARE liliianzisha Niger mwaka 1991 ilifika Tanzania, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa ikienea kwa jina la VICOBA. Kikundi hukutana kila wiki, wanachama wananunua hisa, na fedha inahesabiwa mbele ya wote kabla ya kufungiwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku hukaa kwa mwingine, ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Anayekopa hukopa mbele ya majirani zake, na anayechelewesha marejesho hutozwa faini mbele yao. Nidhamu hii iliandaa maelfu ya vikundi kupokea fedha ya halmashauri, kwa sababu mwanachama aliyezoea kurejesha fedha ya wenzake anajua uzito wa kurejesha fedha ya umma.

Agizo linakuwa sheria

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2018. Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo, Bunge liliongeza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kutenga asilimia 10 kukawa wajibu, riba ikaondolewa, na watu wenye ulemavu wakaingia rasmi katika mgawo. Kanuni za kutekeleza kifungu hicho zilitolewa mwaka 2019, na mwaka 2021 zikarekebishwa ili kulegeza masharti, ikiwamo idadi ya wanachama wanaohitajika kuunda kikundi.

Kinachotengwa hutegemea kinachokusanywa. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 2 zinazohesabika katika mgawo, milioni 200 huenda kwenye mikopo: milioni 80 kwa wanawake, milioni 80 kwa vijana na milioni 40 kwa watu wenye ulemavu. Kila kikundi cha wanawake kikipewa milioni 10, ni vikundi vinane tu vitakavyopata katika wilaya nzima. Ndiyo maana marejesho ni uhai wa mfuko huu. Shilingi iliyorudi hukopeshwa tena kwa kikundi kingine, na isiyorudi inakuwa imewanyima wengine waliokuwa kwenye foleni.

Utaratibu huanzia katika kata. Kikundi huandika katiba yake, huchagua viongozi, hufungua akaunti benki na kusajiliwa kwa msaada wa Afisa Maendeleo ya Jamii. Kisha huandaa andiko la mradi linaloeleza kinachotaka kufanya: kununua mashine ya kukoboa, kufuga kuku, kufyatua matofali, kununua bodaboda. Maombi hupitiwa katika ngazi ya kata kabla ya kupanda halmashauri. Afisa huyo ndiye nguzo ya mfumo mzima, kwa kuwa ndiye anayetembelea mradi, anayeshauri na anayefuatilia marejesho. Afisa asiye na usafiri anapobebeshwa vikundi vya kata kubwa, ufuatiliaji huwa wa kwenye makaratasi.

Kusimamishwa na kurejea

Sheria ililazimisha fedha itengwe, lakini haikutosha kuhakikisha inarejeshwa. Ukaguzi ulibaini vikundi hewa, mikopo iliyotolewa kwa wasiostahili, na marejesho yaliyosimama bila hatua kuchukuliwa. Baadhi ya wakopaji waliamini kwamba fedha ya Serikali ni zawadi, hasa pale mkopo ulipokabidhiwa kwenye mkutano wa hadhara kwa mfano wa hundi na hotuba za siasa. Vikundi vingine viligawana fedha na kila mtu akaenda na lake, mradi ulioandikwa kwenye andiko usionekane popote.

Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili kupanga utaratibu mwingine. Usitishaji huo uliwaumiza wasio na kosa. Mama lishe na kijana wa bodaboda waliokuwa wakitegemea mkopo usio na riba walibaki na wakopeshaji wa mitaani, na mikopo ya "kausha damu" ikapata soko: riba kubwa, marejesho ya kila siku au kila wiki, na vyombo vya ndani kuchukuliwa mkopaji anaposhindwa.

Mwaka 2024 mikopo ilirejeshwa kwa njia mbili. Halmashauri 10 zilichaguliwa kuanza kwa majaribio kukopesha kupitia benki: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Halmashauri 174 zilizobaki ziliendelea kukopesha zenyewe kwa utaratibu ulioboreshwa, wenye kamati za kuchuja na kuhakiki maombi na mfumo wa kielektroniki wa kusajili vikundi, kupokea maombi na kufuatilia marejesho.

Kila njia ina faida na gharama yake. Benki ina uzoefu wa kupima mkopaji na kudai deni bila kuogopa uchaguzi ujao, lakini tawi lake liko mbali na vijiji vingi na haimjui mkopaji kama kata inavyomjua. Halmashauri inawajua wananchi wake, lakini inashawishika kwa urahisi zaidi. Tangu mfuko wa mikoa wa 1967 hadi mfumo wa kielektroniki wa 2024, swali la kwanza limejibiwa: fedha ipo, na sheria inailinda. La pili limejibiwa kwa sehemu, kupitia kamati na vigezo vilivyo wazi. La tatu, la marejesho, ndilo litakaloamua kama asilimia kumi itabaki kuwa mtaji wa wananchi unaozunguka kutoka kikundi hadi kikundi, na jibu lake liko mikononi mwa kikundi kinachokopa sawa na mikononi mwa halmashauri inayokopesha.