Je, Ajali Haina Kinga?

Mtu akianguka na pikipiki katika kona za njia zetu za Bungu, watu hukusanyika, hutikisa vichwa, na mmoja wao husema, "Ajali haina kinga." Neno hili ni la faraja kwa waliofiwa, nasi hatulidharau. Lakini tumelisikia mahali pengine pia. Kijana wa bodaboda akiambiwa avae kofia ngumu, hujibu neno lilo hilo, na kofia huiacha ikining'inia kwenye usukani. Mwaka uliopita tulimzika mmoja wa vijana hao, ambaye sisi wenyewe tulimfundisha kusoma. Kofia yake ilikutwa kwenye usukani, haina hata mchubuko. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza kama neno lile ni la kweli. Kwa hiyo tumeona vema kuwaletea wasomaji wetu habari za watu waendeshao motokaa kwa mbio kuliko wote duniani, tuone wao walijifunza nini, na kwa gharama gani.

Sisi wa Afrika ya Mashariki twayajua mashindano ya motokaa kwa sababu ya Safari Rally, iliyoanza mwaka wa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayo ni mashindano ya vumbi na matope. Mwaka wa 1963, na tena mwaka wa 1968, motokaa saba tu ndizo zilizofika mwisho. Lakini yako mashindano mengine, ya motokaa za kiti kimoja, ambazo magurudumu yake yote manne yako nje, hayakufunikwa na kitu. Mashuhuri ni yale ya Indianapolis katika Marekani, yaliyoanza mwaka wa 1911, na yale yaitwayo Formula One, ambayo ubingwa wake wa dunia ulianza Silverstone, Uingereza, tarehe 13 Mei 1950.

Hatari ya motokaa hizo ni rahisi kuifahamu. Gurudumu la moja likigusa gurudumu la nyingine, yote mawili yakiwa yanazunguka kwa nguvu, motokaa moja hupandishwa na kurushwa hewani. Ndivyo ilivyokuwa huko Monza, Italia, tarehe 10 Septemba 1961. Wolfgang von Trips aligusana na Jim Clark, motokaa yake ikaruka na kuwaangukia watazamaji. Alikufa yeye, na watazamaji 15 pamoja naye.

Je, madereva wa siku zile walijikinga kwa nini? Hata mwaka wa 1952, kofia ngumu zilipoamriwa, wengi walikuwa wakivaa kofia za kitambaa tu. Mikanda ya kujifungia kitini hawakuipenda. Walisema, heri kutupwa nje kuliko kufungwa ndani ya moto. Nasi twayasikia maneno hayo hayo kwa abiria wa mabasi yetu hata leo.

Hata mwaka wa 1966, huko Spa katika Ubelgiji, mvua kubwa ilinyesha, na kijana Mskoti, Jackie Stewart, akatoka njiani. Alinaswa ndani ya motokaa yake kwa muda wa dakika 25 hivi, huku petroli ikimlowesha mwili. Hapakuwa na mtu aliyewekwa tayari kumwokoa. Madereva wenzake wawili, Graham Hill na Bob Bondurant, waliacha mashindano, wakaazima spana kwa mtazamaji, wakaufungua usukani, wakamtoa. Kisha gari la wagonjwa lililomchukua likapotea njia. Baada ya siku ile Stewart alikuwa akiendesha na spana yake mwenyewe ameibandika ndani ya motokaa. Tena akaanza kudai mikanda, kuta za kuzuia motokaa zisiende kwenye miti, na madaktari. Wengi walimwita mwoga. Lakini mwoga huyo alipata ubingwa wa dunia mara tatu, mwaka wa 1969, 1971 na 1973, akaishi.

Wenzake wengi hawakuishi. Jim Clark, bingwa mara mbili, alikufa Hockenheim, Ujerumani, tarehe 7 Aprili 1968, motokaa yake ilipoiendea miti, wala hapakuwa na ukuta wa kuizuia. Jochen Rindt alikufa Monza tarehe 5 Septemba 1970. Yeye alikuwa na mikanda, lakini ile ya kupita kati ya miguu hakuifunga, maana aliogopa kuchelewa kutoka ikiwa moto utawaka. Motokaa ilipogonga, mwili wake uliteleza chini, na mkanda ukamjeruhi shingo. Mwisho wa mwaka alihesabiwa kuwa bingwa wa dunia, naye yuko kaburini. Twaona hapa kwamba kinga ya nusu si kinga.

Tena tukumbuke habari ya Zandvoort, Uholanzi, tarehe 29 Julai 1973. Motokaa ya Roger Williamson ilipinduka, ikashika moto, naye yuko chini yake, yu hai. David Purley alisimamisha motokaa yake, akakimbia kuvuka njia, akajaribu kuipindua ile inayowaka kwa mikono yake peke yake. Hakuweza. Wasimamizi waliokuwa karibu hawakuwa na nguo za kuzuia moto, wakashindwa kusogea. Madereva wengine walipita mbio, wakidhani kwamba Purley ndiye mwenye motokaa ile, tena amekwisha kuokoka. Williamson alikufa pale pale. Purley alipewa nishani ya ushujaa, lakini ushujaa wa mtu mmoja haukutosha.

Hata wenye kuokoa nao hawana budi kufundishwa. Tarehe 5 Machi 1977, huko Kyalami, Afrika ya Kusini, kijana wa miaka 19 alivuka njia akibeba chombo cha kuzimia moto. Tom Pryce alikuja kwa kasi, asimwone. Kijana aligongwa akafa, na chombo kile kikampiga Pryce kichwani, naye akafa.

Mwaka wa 1978, Ronnie Peterson alipoumia Monza, msaada ulikawia, akafa siku ya pili. Ndipo daktari Sid Watkins aliposhurutisha kwamba motokaa ya daktari iwafuate washindani katika mzunguko wa kwanza wa kila shindano. Na mwaka wa 1994, huko Imola, Italia, Roland Ratzenberger alikufa tarehe 30 Aprili, na Ayrton Senna kesho yake. Basi wakuu wa mashindano wakapima upya kila kitu: njia, kuta, viti. Mwaka wa 2003 waliamuru chombo cha kushika kichwa na shingo. Baada ya Senna ilipita miaka 20 bila dereva kuumia hata kufa katika mashindano ya Formula One, mpaka Jules Bianchi alipoumia Japani mwaka wa 2014, akafa mwaka uliofuata.

Mwaka wa 2018 uliwekwa upinde wa madini magumu juu ya kichwa cha dereva. Wengi walisema ni kitu kibaya cha kutazama, na mmoja wao alikuwa Romain Grosjean. Tarehe 29 Novemba 2020, huko Bahrain, katika mzunguko wa kwanza, motokaa ya Grosjean ilipenya ukuta wa chuma, ikakatika vipande viwili, ikawaka moto. Baada ya sekunde 28 alitoka kwa miguu yake, mikono imeungua. Ule upinde alioukataa ndio uliozuia chuma kisimpige kichwa; na motokaa ya daktari, iliyotakwa baada ya kifo cha Peterson, ilikuwa imekwisha kufika.

Ndugu wasomaji, neno "ajali" tumelipata katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, saa ya mtu ya kufa. Saa hiyo haimo mikononi mwetu, na kwa maana hiyo wazee walisema kweli. Lakini kuanguka penye kona si saa hiyo. Ni kuanguka tu, na kuanguka kuna kinga. Watu hawa tuliowataja hawakuwa wajinga wala waoga, walakini kila kinga waliikataa kwanza, wakaikubali baada ya kuzika.

Sisi tumekwisha kuzika. Wazee walisema pia, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwa hiyo twawaomba wazazi wa Bungu: kijana wako akitoka na pikipiki alfajiri, usimwage kwa maneno tu. Itoe kofia kwenye usukani, umpe mkononi, usimame mlangoni hata aivae na kuufunga mkanda wake chini ya kidevu.